Nani Amtoe Nje Mtoto wa Siwema

Hapo zamani, tena si zamani ya sultani na binti yake, ni zamani ya juzijuzi ambayo hata bei ya sukari naikumbuka, palikuwa na nyumba moja huko Usangi, milimani Upareni. Kaeni vizuri. Kila mmoja anyooshe vidole vya mkono wa kulia, maana nitawaambia mkunje kimoja kimoja, na mwisho nitadai jibu. Asiye na jibu ataosha vyombo.

Nawaonya mapema kwamba hii ni hadithi ya Wapare, na Mpare, majirani zetu husema, huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda kwenye kesi ya kuku. Mimi ni Mpare, nimeruhusiwa kusema. Lakini kesi ya leo haina ubaya. Humu hakuna mdaiwa, kuna watu wanaoshukuriwa tu, na mtaona kwamba shukrani ni ngumu kugawa kuliko shamba.

Nyumba ile ilikuwa ya Mzee Senkondo na mkewe, Bibi Nakundwa. Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza Mbonea, wa pili Eliwaza, kitinda mimba Namsifu. Eliwaza akaolewa na mtu wa Tabora, akazaa binti, akamwita Siwema. Mtoto alipofikisha mwaka na miezi miwili, Eliwaza alikuja kuwatembelea wazazi wake, akaja na albamu yake nzima ili mama azione picha. Akaugua humo humo nyumbani. Siku tisa tu, akafariki.

Baba wa mtoto akaja, akamchukua Siwema, akarudi naye Tabora. Na Mzee Senkondo, kwa uchungu wa mwanawe, alikusanya kila picha yenye sura ya Eliwaza, za nyumbani na zile za albamu, akazichoma nyuma ya zizi. Akasema jina hilo lisitajwe tena mbele yake. Msimlaumu haraka. Wako watu wanaolia kwa macho, na wako wanaolia kwa kiberiti.

Basi Siwema akakua Tabora, akasoma, akaolewa, na hakuwahi hata siku moja kuiona sura ya mama yake. Watu walimwambia, una macho ya mama yako. Yeye akijitazama kwenye kioo aliona macho yake mwenyewe tu.

Miaka ikapita ishirini na sita. Mwalimu Mbonea, yule kaka mkubwa, aliyefundisha fizikia Moshi mpaka kiinua mgongo, akarudi nyumbani. Siku moja simu yake ikamwambia nafasi ya picha imejaa, alipie au afute. Alikasirika kama mtu aliyeambiwa alipie kulala kwenye kitanda chake. Picha za ukoo wangu, akasema, zinakaa kwa watu nisiowajua, kwenye nchi nisiyoijua, na bado natozwa kodi ya pango?

Akatafuta kompyuta iliyotumika, akanunua diski kubwa, akaweka programu ya bure ya kupanga picha na nyaraka, akaifunga mashine ile sebuleni kwa wazazi wake, kwenye kabati dogo la redio. Mtu akiwa pale kiamboni aliweza kuifungua kwa simu yake akaona vyote. Kisha akapiga pembe.

Mnaijua pembe. Kwetu pembe ikilia ni msaragambo, watu wote watoke na majembe, mfereji umeziba au barabara imekatika. Watu wakatoka na majembe. Mwalimu akawaambia wayarudishe, walete picha na karatasi: vyeti vya kuzaliwa, hati za mashamba, kadi za kliniki, barua za zamani, kila kilichokuwa kinaliwa na mende chini ya magodoro. Wazee walinung'unika kwamba msaragambo wa kukaa kwenye kochi hawajauona, lakini walileta. Siku tano walileta.

Sheria aliyoitoa Mwalimu ilikuwa moja. "Picha zetu zilale kwetu. Hakuna picha itakayotoka humu kwenda kuzurura kwenye simu za watu. Anayetaka kumwona babu yake aje nyumbani, anywe chai, amwone."

Kunja kidole cha kwanza. Huyo ni Mwalimu Mbonea, aliyeleta mashine.

Mashine bila mikono ni bati. Mikono ilikuwa ya Namsifu. Namsifu alikuwa karani wa masijala wilayani miaka thelathini na moja, na mtu aliyekaa masijala hivyo hawezi kuona karatasi bila kutaka kuipa namba. Alikaa kwenye skana tangu asubuhi mpaka jioni. Kila picha aliilaza, akaifuta vumbi, akamuuliza mwenyewe: huyu ni nani, na huyu, ilikuwa mwaka gani, hapa ni wapi. Akaingiza majina kwenye kompyuta. Halafu, na hapa ndipo kaka yake alipomcheka mpaka akakohoa, akafungua daftari kubwa la kaunta na kuyaandika yale yale kwa kalamu, namba baada ya namba.

Kaka mtu akamwambia, kompyuta unaiandikia daftari, kesho utaiandikia na redio. Namsifu akajibu bila kuinua kichwa kwamba masijala aliwahi kuona jalada likipotea, na aliwahi kuona likipotea na kabati lake.

Kunja kidole cha pili. Huyo ni Namsifu, aliyeandika majina.

Siku ya nne ya msaragambo Mzee Senkondo alikwenda kukagua kahawa yake. Alipokata kona tu, Bibi Nakundwa akaingia sebuleni amekumbatia mto wa kulalia. Akakaa, akafumua mshono wa foronya kwa ncha ya sindano, akatia mkono ndani ya pamba, akatoa picha. Ilikuwa picha ya watu wengi, siku ya kufungua zahanati, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja cha mtoto. Siku ile ya moto nyuma ya zizi aliichomoa kwenye rundo akaitia kifuani, na miaka ishirini na sita alilala kichwa chake juu yake, kitanda kimoja na mume aliyekataza.

Alisema, "Na huyu naye mmuweke." Namsifu akaipokea kwa mikono miwili.

Kunja kidole cha tatu. Huyo ni Bibi Nakundwa, aliyeficha.

Mwaka haukupita, Mzee Senkondo akalala kitandani asiinuke tena. Siku zake za mwisho akaanza kuuliza, Eliwaza yuko wapi, mbona haji. Yeye mwenyewe aliyekataza jina. Bibi akamletea ile picha. Mzee akaishika, akalia siku nzima, na hakuiachia. Alipofariki, Bibi aliitia kwenye mfuko wa koti lake, ndani ya jeneza. Watoto walipomuuliza, akasema Eliwaza yuko salama kwenye kompyuta ya Mbonea, huyu wa karatasi aende na baba yake. Mimi hapo simhukumu. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Sasa ndipo Namsifu alipompigia Siwema simu Tabora, akamwambia, mwanangu, sura ya mama yako ipo. Siwema alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minane. Akaomba atumiwe picha saa ile ile. Mwalimu Mbonea akakataa. Sheria ni sheria, akasema, ukimfungulia mlango mmoja umewafungulia wote. Mwambie aje nyumbani, hajakanyaga hapa tangu abebwe mgongoni. Siwema aliumia, nawaambia kweli. Lakini akapanda basi na tumbo lake.

Bibi Nakundwa kusikia mjukuu anakuja, mtoto wa Eliwaza, alipata nguvu za msichana. Akapaka nyumba chokaa. Akafua vitambaa vya kufuma vyote, vya makochi, vya meza, vya redio, akavitia wanga, akavitandika. Akaitazama ile kompyuta. Ndiyo peke yake sebuleni iliyokuwa uchi. Chombo kinachomhifadhi Eliwaza, akawaza, mgeni atakikutaje hakina nguo? Akachukua kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye maua ya pembeni, alichofuma alipokuwa mchumba. Na ili vumbi la chokaa lisiingie, akaanza kwanza na nailoni, akaibana vizuri pande zote, ndipo akaweka kitambaa juu.

Nani kati yenu ambaye mama yake hajafunika televisheni? Basi nyamazeni.

Mashine inapumua kwa matundu yake, na matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa mapenzi. Ilipata joto siku ya kwanza. Ikapata joto siku ya pili. Siku ya tatu sebule ikanuka plastiki iliyoungua. Mwalimu Mbonea alikuwa Moshi kumpokea mgeni. Aliporudi naye, akafunua kitambaa, akafunua nailoni, akabonyeza, kimya. Akaitoa diski, akarudi nayo Moshi siku ya pili yake, fundi akatikisa kichwa. Diski imekufa na vyote vilivyokuwamo.

Fikirieni sebule ile. Siwema kwenye kochi, miguu imevimba kwa safari. Bibi sakafuni, kitambaa kimelala mapajani mwake. Siwema hakumlaumu. Alimwinua bibi yake akamkalisha pembeni yake, akamshika mkono.

Siku ya tano tangu afike akajifungua, mtoto wa kike.

Ile nyumba ina desturi yake. Mtoto mchanga hukaa ndani mpaka kitovu kidondoke. Siku hiyo mtu mmoja humbeba, huvuka naye kizingiti, humwonyesha jua, na yule aliyembeba hulitaja jina lake mwenyewe, likawa ndilo jina la mtoto la nyumbani. Wa kike anaweza kupata jina la mjomba. Wapo wasichana wawili pale wanaitwa Senkondo na hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini mtoto hapokezanwi kizingitini. Hubebwa na mtu mmoja, hutajiwa jina moja.

Siwema akiwa kitandani alitoa neno mbele ya wote. "Atakayenirudishia sura ya mama yangu, ndiye atakayemtoa mwanangu nje."

Kati ya waliolisikia palikuwa na mmoja mwenye siri. Huyo ni Chediel, mume wa Namsifu. Chediel alikaa kwenye baraza la usuluhishi la kata miaka kumi na minne, na huko aliona ndugu wa tumbo moja wakigeukana kwa sababu ya karatasi moja. Mwalimu alipokusanya hati za mashamba ya ukoo mzima ndani ya chombo kimoja chenye neno moja la siri, Chediel hakulala raha. Shemeji yangu ni mtu mzuri leo, akasema moyoni, ya kesho nani anayajua. Jumapili moja baada ya msaragambo, watu wakiwa kanisani, yeye alisingizia tumbo. Akachomeka diski ndogo aliyoinunua Same, akakaa saa tatu akinakili kila kitu. Neno la siri alikuwa ameliona kwa kuchungulia juu ya bega la mkewe akiliandika. Diski akaitia kwenye kopo la siagi, kopo akalizika ndani ya pipa la mahindi.

Siku mbili alipigana na aibu. Siku ya tatu akaja na kopo mkononi, punje za mahindi zimeganda kwenye mfuniko, akasema mbele ya mkewe na shemeji yake kwamba aliiba kwa sababu hakuwaamini. Namsifu alimtazama mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Halafu akaenda kumletea kiti.

Kunja kidole cha nne. Huyo ni Chediel, aliyeiba nakala.

Wakachomeka diski kwenye kompyuta ya kuazima. Picha zikaja, elfu kumi na moja na ushee. Lakini zilikuja na namba tu. Majina yalikuwa yakikaa kwenye chumba kingine cha ile programu, ambacho Chediel hakujua hata kama kipo. Mwalimu Mbonea akasema si kitu, dada yangu namjua, daftari la nini, wala msinielekeze, nitamtafuta kwa macho. Akakaa siku mbili, picha moja moja, macho mekundu kama pilipili. Akamaliza zote, hakumwona. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimebaki kuning'inia kwa uzi.

Ndipo Namsifu akaleta daftari la kaunta. Akalowesha kidole, akafunua, akashuka na mstari kama alivyofanya miaka thelathini na moja. Akasoma kwa sauti: "Namba 4317. Kufunguliwa kwa zahanati. Eliwaza, safu ya nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Amembeba Siwema mgongoni. Imeletwa na mama. Baba asijue."

Mwalimu akaifungua 4317. Alikuwa ameipita mara mbili. Alikuwa akiitafuta sura ya mgonjwa wa siku tisa, hiyo ndiyo aliyobaki nayo, na huyu msichana alikuwa mzima, amenenepa, anacheka. Lakini kwa kuwa yeye mwenyewe aliamuru tangu mwanzo kwamba kila picha iingizwe kwa ukubwa wake wote, hata kama diski itajaa, aliweza kuivuta ile sura ndogo kama punje ya ulezi mpaka ikajaa kioo kizima, na haikuvunjika.

Wakamwita Siwema. Akaja na mtoto mkononi.

Kwenye picha ile watu wote wanamtazama mpiga picha. Eliwaza peke yake amegeuza shingo. Anamtazama mtoto aliye mgongoni, na mtoto amemshika sikio.

Siwema akasogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwepo. Alikuwa ananitazama mimi." Akapiga magoti, mzazi wa siku saba, akawashukuru mmoja mmoja: asante Mjomba, asante Mama mdogo, asante Baba mdogo, asante Bibi. Nami nikiifikisha hadithi hapa hushukuru pamoja naye, sijui kwa nini, sikuzaliwa nyumba ile.

Asubuhi iliyofuata kitovu kikadondoka. Na sasa, Wapare ni Wapare, kesi ikaanza.

Mwalimu Mbonea akasema, "Bila mimi, zile picha zingeliwa na mende. Mimi nilipiga pembe. Mimi nilisema ziwe kubwa. Na nilipokataa picha isitumwe, ni mimi niliyemfanya mtoto huyu azaliwe kwao."

Chediel akasema, "Shemeji, chombo chako kimekufa, na sheria yako ingekufa nacho. Mimi niliivunja. Nia yangu ilikuwa mbaya, nimekiri. Lakini picha haikutoka kwenye nia yangu, imetoka kwenye pipa langu."

Namsifu akasema, "Nyote mlikuwa na picha elfu kumi na moja na hamkuwa na Eliwaza. Kaka yake mwenyewe alimpita mara mbili. Mtu bila jina hajarudi, anazunguka tu."

Bibi Nakundwa alikuwa amekaa pembeni. Siwema akamuuliza, na wewe Bibi? Akasema, "Mimi msinitie. Miaka ishirini na sita nilimficha. Halafu nikamzika kwa mkono wangu, na nikamfunika kwa mkono wangu. Ninyi mmemfufua, sio mimi." Na kila mmoja wa wale watatu alijua kwamba bila ule mto kusingekuwa na cha kuingiza, cha kuiba, wala cha kuandika.

Jua lilikuwa limefika kizingitini. Mlango uko wazi, majirani wamejaa uani. Siwema amesimama na mtoto mikononi. Mtoto ameanza kulia kama anayedai nafasi yake. Mbele yake wamesimama watatu, na wa nne hakuinuka. Siwema akapiga hatua moja.

Hapo mimi nanyamaza. Msiniambie atajiwe majina yote manne, nimeshasema kizingitini hutajwa moja. Msiniambie aitwe Eliwaza, huyo hana mikono ya kumbebea. Na msinitazame usoni mkidhani mtaliona jibu langu. Ninalo tangu zamani, na mke wangu ana lake, na hatujapatana mpaka leo.

Vidole vinne vimekunjwa: aliyeleta mashine, aliyeandika majina, aliyeficha, aliyeiba nakala. Nyoosha kimoja tu. Je, mtoto wa Siwema alistahili kutolewa nje na nani?